Michango ya tetemeko la Kagera na maafa mengine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila maafa yanapotokea Tanzania, ubishi wa Kagera wa 2016 hufufuka: fedha zilikwenda wapi, nani alistahili, na kwa nini wengine walijengewa nyumba wengine wakaambiwa wajitegemee. Maswali haya ni yale yanayorudiwa zaidi. Tumeyapanga kwa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Ni tetemeko lipi linalozungumziwa?

Lililotokea Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, mkoani Kagera. Ukubwa wake ulikuwa 5.9 na kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi, kina cha kilomita 40 hivi. Lilisikika hadi Uganda na Rwanda. Bukoba mjini maeneo kama Hamugembe na Kashai yaliumia sana, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa. Hesabu iliyotangazwa siku za mwanzo ilikuwa watu 17 waliofariki na mamia waliojeruhiwa.

2. Mbona idadi ya nyumba zilizoharibika ilikuwa ikibadilika?

Takwimu za mwanzo zilitaja nyumba 840 zilizoanguka na 1,264 zilizopata nyufa. Baadaye idadi ikapanda sana, na wapo walioona hapo pana mchezo. Mara nyingi hakuna mchezo. Tathmini ya kwanza hufanywa ndani ya siku mbili tatu na watendaji wanaopita barabarani wakihesabu kinachoonekana. Tathmini ya pili huingia vibanjani (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba), nyumba kwa nyumba, na kukuta kuta ambazo kwa nje zimesimama lakini ndani pembe zimeachana. Mitetemo midogo inayofuata nayo huongeza idadi.

Kinachochafua hesabu kweli ni kuchanganya vipimo. Mmoja anahesabu nyumba, mwingine kaya, mwingine majengo yote pamoja na jiko la nje na banda la mbuzi. Nyumba moja ya kupangisha Kashai inaweza kuwa na kaya tano. Ukisoma takwimu yoyote ya maafa, uliza kwanza: hii ni idadi ya nini?

3. Je, serikali inadaiwa kisheria kunijengea nyumba iliyobomolewa na maafa?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2015, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zinaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, na kupanga uratibu wa tahadhari, uokoaji na misaada. Hazigeuzi msaada kuwa deni. Fidia ni jambo la ardhi kutwaliwa na serikali au la mtu kusababishiwa hasara na mwingine, nalo lina sheria zake.

Kutokuwepo kwa deni la kisheria hakumalizi hoja, kwa sababu wananchi walipochanga walichanga kwa ajili ya watu fulani. Hilo liko kwenye swali la 5.

## Mzozo wa fedha

4. Michango ya Kagera ilitumika kwa nini hasa?

Ilikuja michango ya kila namna. Wabunge walichangia, makampuni yalichangia, balozi mbalimbali zilichangia, na Kenya ilileta mabati, mablanketi na magodoro. Sehemu ya vifaa iliwafikia wananchi moja kwa moja. Kuhusu fedha, Rais Magufuli alipofika Bukoba mwanzoni mwa Januari 2017 alisema wazi kwamba serikali haina uwezo wa kumjengea kila mwananchi nyumba yake, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma: shule, vituo vya afya, barabara. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, Nyakato ikakarabatiwa, na kituo cha afya cha Kabyaile, Missenyi, kikajengwa tena.

Kwa hiyo anayesema fedha zote ziliyeyuka anakosea. Majengo yapo na yanaonekana. Na anayesema waathirika walisaidiwa kama walivyotegemea naye anakosea.

5. Basi wachangiaji walidanganywa?

Jibu letu ni kwamba hawakuambiwa mapema, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Matangazo ya kuchangisha yalionyesha bibi amekaa nje ya nyumba iliyoporomoka. Aliyetuma shilingi elfu kumi alimtumia bibi yule. Miezi minne baadaye akasikia fedha ni za madarasa.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Shule moja inahudumia mamia ya watoto kwa miaka mingi, na fedha zikigawanywa kwa maelfu ya kaya kila moja hupata kiasi kisichomaliza hata msingi. Lakini hoja hiyo ilipaswa kutolewa wiki ya kwanza, kabla ya kikapu kupitishwa. Kanuni rahisi ya uchangishaji ni kutenga mafungu matatu tangu siku ya kwanza na kuyatangaza: dharura (chakula, turubai, matibabu, mazishi), makazi ya kaya, na majengo ya umma. Kila fungu liwe na akaunti yake au angalau mstari wake kwenye taarifa. Mchangiaji achague mwenyewe.

6. Ile habari ya akaunti ya pili ilikuwa kweli?

Mwishoni mwa Septemba 2016 Ikulu ilitangaza kuwa uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na wa mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba umetenguliwa, na mhasibu mkuu wa mkoa amesimamishwa, kwa tuhuma za kushirikiana kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Hatua hiyo ilichukuliwa hadharani, lakini kwa upande wa michango ilikuwa imechelewa: imani ikishatikisika watu huacha kutuma hata kwenye akaunti halali.

Fundisho la vitendo hapa ni kwamba jina la akaunti halithibitishi chochote. Benki huweza kuwa na majina kumi yanayokaribiana. Linganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, na tangazo lililotoka kwenye chanzo cha serikali chenyewe, si picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Namna ya kutuma iko kwenye swali la 14.

7. Kwa nini Hanang walijengewa nyumba na Kagera hawakujengewa?

Hili linaulizwa kwa uchungu zaidi ya mengine, hasa na Wahaya, wenyeji wa Kagera. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walifariki. Serikali ikagharamia mazishi na matibabu, kisha zikajengwa nyumba 109 katika kitongoji cha Waret kwa waliopoteza makazi.

Tofauti ya kwanza ni idadi. Nyumba 109 zinajengeka kwa bajeti moja. Maelfu ya nyumba zilizotawanyika Bukoba, Missenyi na kwingineko hazijengeki hivyo. Ya pili ni ardhi. Katesh, viwanja vingine vilizikwa na vingine vilibaki kwenye njia ya maji, kwa hiyo watu walilazimika kuhamishwa, na ukimhamisha mtu huna budi kumwonyesha pa kulala. Kagera ardhi ilibaki palepale. Kilichoanguka ni ukuta.

Tofauti ya tatu ni uamuzi wa kisiasa. Marais ni wawili, mitazamo ni miwili, na hakuna mwongozo uliokuwa unamfunga yeyote kati yao. Mwananchi wa Hamugembe anayesema “sisi tulikosa nini?” hana jibu la kisheria la kupewa, kwa sababu halipo. Mwongozo unaotaja kwamba kaya iliyopoteza nyumba yote inastahili kiwango fulani cha chini, iwe ni tetemeko, tope au mafuriko, ungemaliza nusu ya ubishi huu.

8. Si afadhali mwathirika apewe fedha mkononi aamue mwenyewe?

Mara nyingi ndiyo, kwa sharti kwamba soko linafanya kazi. Bukoba baada ya tetemeko maduka ya vifaa yalikuwepo na barabara zilipitika. Anayepewa fedha angenunua saruji siku hiyohiyo. Palipokatika daraja, fedha hupandisha bei tu.

Yanayoharibu mpango huo ni haya. Laini ya simu ya mzee imesajiliwa kwa jina la mjukuu aliyeko Mwanza, fedha zinaingia Mwanza. Makato ya kutolea hayakuongezwa, mtu anapokea pungufu na kudhani mtendaji amekata. Fedha zote zinatolewa mara moja wakati wa msiba na ada za shule, ujenzi unaishia kwenye msingi. Dawa ya hilo la mwisho ni kulipa kwa awamu mbili: ya kwanza msingi na kuta, ya pili baada ya fundi wa halmashauri kuiona lenta (mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu) imemwagwa.

## Orodha na ugawaji

9. Nani anapaswa kuingia kwenye orodha ya waathirika?

Kaya, si nyumba. Orodha nzuri ina mkuu wa kaya, idadi ya watu, namba ya simu na jina la mwenye laini, kiwango cha uharibifu, na alama kwa wenye mahitaji maalumu: wajane, wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wajawazito, watoto waliopoteza walezi. Kiwango cha uharibifu kiwe katika madaraja matatu tu: haikaliki kabisa, inakalika ikikarabatiwa, nyufa za plasta. Madaraja yakizidi matatu, wapimaji wawili watakupa majibu mawili kwa nyumba moja.

Orodha huanzia kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa sababu ndio wanaojua nani anaishi wapi. Hapohapo ndipo upendeleo huingia: shemeji mwenye nyumba Dar es Salaam anaandikwa, jirani aliyegombana na mwenyekiti anasahaulika. Kinga ni moja nayo ni ya bei ya karatasi. Orodha isomwe kwenye mkutano wa hadhara na ibandikwe ofisi ya mtendaji kwa siku kadhaa kabla ya kitu chochote kugawiwa. Majirani watafichua majina hewa haraka kuliko mkaguzi yeyote.

10. Mimi ni mpangaji. Nina haki gani?

Mpangaji amepoteza makazi na mali. Mwenye nyumba amepoteza jengo. Turubai, chakula, vyombo na magodoro ni vya mpangaji. Mabati na saruji ni vya mwenye jengo. Pasipofuatwa hivyo, mwenye nyumba huchukua vyote kwa kuwa jina lake ndilo lililoko kwenye kiwanja, au mpangaji hupewa mabati ambayo hana pa kuyaezeka na kuyauza jioni ileile. Kisha picha ya mabati yanayouzwa husambaa na kuwa ushahidi kwamba waathirika ni waongo.

11. Jina langu limerukwa. Nifanye nini?

Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kwa maandishi, ukiambatanisha picha za uharibifu zenye tarehe na majina ya majirani wawili. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukuandika. Usipojibiwa, peleka nakala hiyo kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako kamati ya maafa ya wilaya inaongozwa. Ukidaiwa chochote ili jina liingizwe, hilo si suala la maafa tena. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113, bure.

12. Kaya inahitaji mabati na saruji kiasi gani ili msaada uwe na maana?

Chukua nyumba ya mita 6 kwa 7, vyumba viwili na sebule. Ukiongeza nusu mita ya kuning’inia kila upande pamoja na mwinuko wa paa, unaezeka mita za mraba zipatazo 62. Bati la mita 3 likishalaliana na mwenzake hufunika kama mita za mraba 2.1. Hiyo ni mabati 30, na mawili ya ziada kwa yanayokatwa. Kofia, misumari na mbao ni mbali. Anayegawa mabati 10 kwa kaya ajue amegawa theluthi ya paa.

Ila Kagera bati halikuwa tatizo kuu. Nyumba nyingi ziliangushwa na kuta: tofali zilizounganishwa kwa tope, bila lenta ya kuzunguka. Ukiezeka bati jipya juu ya ukuta huo umeandaa maafa yajayo. Lenta ya nyumba hiyohiyo, pamoja na kuta za ndani, ina urefu wa mita 36 hivi. Kwa unene wa sentimita 15 na kimo cha 20 unahitaji zege la ujazo wa mita moja na kidogo, yaani mifuko 7 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo 13 za milimita 12 (mistari minne, zikilaliana sentimita 60 kila kiungo), na ringi kila sentimita 20. Lenta ifunge pembe zote. Ikiachwa wazi juu ya mlango mmoja, ukuta utapasukia hapo. Tungeambiwa tuchague kati ya mabati na lenta, tungetoa lenta kwanza na turubai la kusubiria.

Turubai lenyewe kwa kawaida ni mita 4 kwa 6. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, kwa hiyo watu watano wanahitaji 17.5. Turubai moja likisimamishwa kwa mteremko halifiki. Toa mawili, pamoja na kamba.

13. Na chakula na maji?

Kipimo kinachotumika ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa kaya ya watu watano kwa mwezi ni takriban kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage, lita 4 za mafuta, kilo 7 na nusu za unga wa lishe, na chumvi. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, karibu madumu manne ya lita 20 kwa kaya hiyo.

Lakini tazama aina ya maafa kabla ya kuagiza lori la sembe. Tetemeko haling’oi mgomba. Kaya ya Missenyi yenye kibanja ilikuwa na ndizi shambani siku ya pili. Ilichokosa ni pa kulala na sufuria zilizofukiwa. Mafuriko na tope hufanya kinyume: huchukua ghala, shamba na mifugo kwa pamoja, na hapo chakula ni cha miezi, hadi msimu ufuatao.

## Kwa wanaotaka kuchangia

14. Njia gani ya kutuma ni salama, hasa kwa tulioko nje ya nchi?

Fedha kwanza, vitu baadaye. Malipo mengi ya serikali siku hizi hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiiingiza, jina la taasisi hutokea kabla hujathibitisha. Jina la mtu binafsi likitokea, acha. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania nacho hupokea na kina watu mikoani.

Vikundi vya Muscat, London au Minneapolis vinavyochangishana, teueni watia saini watatu wasio ndugu, tangazeni jumla kila Ijumaa, na amueni fungu (swali la 5) kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Kontena la vitu vya kutumika ni la mwisho kufikiria. Ushuru, gharama za bandari na usafiri kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba vinaweza kuzidi thamani ya vilivyomo.

15. Nguo nilizoacha kuvaa zinafaa?

Kidogo, na siku za mwanzo tu. Kila gunia linahitaji mtu wa kulifungua, kupanga kwa umri na jinsia, na kutupa viatu visivyo na mwenzake. Kanga mpya, mablanketi, nguo za ndani mpya na taulo za kike vina faida mara kumi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usitume kabisa: yakikorogwa kwa maji machafu yanaleta kuhara, na mama akiacha kunyonyesha maziwa yake hupungua. Dawa mwachie mfamasia wa mkoa.

16. Naweza kupitia kanisa au msikiti badala ya kamati?

Unaweza, na mara nyingi msaada hufika upesi zaidi. Hasara yake ni kaya moja kupata mara tatu na jirani yake kukosa kwa kuwa hasali popote. Taasisi ikiomba nakala ya orodha ya mtendaji na kuweka tiki kwenye majina iliyoyahudumia, tatizo linapungua sana.

## Mambo yenye utata

17. Nyumba ina nyufa lakini imesimama. Nilale ndani?

Ufa mwembamba kama uzi kwenye plasta si hatari. Ufa wa mshazari unaopita tofali, nyufa mbili zinazokatana kama X katikati ya madirisha, pembe zilizoachana, au ukuta uliotoka nje ya timazi: lala nje, na usihifadhi hata mahindi humo. Kwa nyufa za kati, weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Ukisogea, hama.

18. Kwa nini watu hukataa kuhamia eneo salama?

Kwa Mhaya kibanja ni chakula, urithi na makaburi ya wazazi. Mkiita kukataa kwake ukaidi mmeshindwa kabla ya kuanza. Mpango wa kuhamisha watu unaofanya kazi huwaachia haki ya kulima kwa zamani na kuhamisha makazi tu, na hukabidhi hati ya kiwanja kipya siku ileile ya funguo. Kiwanja kisicho na hati huuzwa kwa bei ya hasara au huzua kesi watoto wakishakua.

19. Mwanasiasa anagawa unga wenye picha yake. Nipokee?

Pokea, unga ni unga. Uliza tu kama umenunuliwa kwa fedha zake au umetoka ghala la kamati, na kama jina lako limetiwa tiki kwenye orodha. Mifuko ya kamati ikibadilishwa vifungashio, piga picha vyote viwili na uende swali la 11.

20. Nilichangia. Naweza kudai kuona hesabu?

Ndiyo, ikiwa ni raia wa Tanzania na fedha ziko mikononi mwa taasisi ya umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa taasisi husika, na inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Usiombe “taarifa ya fedha za maafa”, utapewa ukurasa mmoja wa jumla. Omba vitu vinne kwa majina: taarifa ya benki ya akaunti husika kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, daftari la vitu vilivyoingia na kutoka ghalani, orodha ya kaya zilizopokea kwa kila kata, na mikataba ya ujenzi. Tazama pia ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, sehemu ya mkoa au halmashauri unayoifuatilia.

21. Naweza kudai mchango wangu urudishwe kwa kuwa umetumika tofauti?

Kwa kikundi binafsi, kama mliandikiana kusudi la fedha, una pa kuanzia. Kwa mchango uliotumwa bila kutaja fungu, itakuwa vigumu sana. Unapotuma tena, andika kwenye sehemu ya maelezo ya muamala: “makazi ya kaya” au “shule”.